Si Wetu, Hulala Kwetu

Mvulana alikuwa wa miaka tisa hivi. Kamba aliyomfungia mbwa ilikuwa kipande cha wavu wa kuvulia kilichosokotwa. Mbwa mwenyewe, wa rangi ya mchanga na sikio moja limechanika, alikuwa amekaa kitako katikati ya miguu ya mtoto kana kwamba foleni ile kaizoea. Ilikuwa Jumamosi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chini ya mwembe, njia ya kwenda Ganda, saa mbili asubuhi, kabla jua la Malindi halijakasirika.

Afisa wa mifugo alikuwa na kadi mkononi.

"Mbwa anaitwaje?"

"Simba."

"Ana umri gani?"

Mtoto akanyoosha vidole vitatu.

"Mwenyewe ni nani?"

Hapo mtoto akanyamaza. Akamtazama mbwa, akatazama njia aliyojia, kisha akasema polepole, kama anayetoa jibu la hesabu asilo na hakika nalo:

"Si wetu. Hulala kwetu tu."

Afisa akauruka mstari ule, akajaza uliofuata.

Hii ni wiki ya tano, na jibu lile halijanitoka kichwani. Mbwa ana jina. Umri wake unajulikana. Kuna mtu aliyeamka alfajiri kumtafutia kamba na kutembea naye hadi kwenye mwembe. Na hana mwenyewe.

Nilidhani ni dini

Jibu la haraka pwani hii ni dini, na aliyekulia Malindi au Lamu hana haja ya kuelezwa kirefu. Mate ya mbwa ni najisi nzito kwa madhehebu ya Imamu Shafi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na anayefuga mbwa bila sababu hupungukiwa thawabu kila siku. Basi nani atataka jina lake liandikwe kwenye kadi ya mbwa?

Lakini tuliyoyasoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani, yalikuwa mapana kuliko tunayoyakumbuka. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba wametolewa katika katazo lile. Sura ya tano ya Kurani, aya ya nne, inahalalisha nyama ya mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa. Kikavu kwa kikavu hakinajisishi: mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hapana cha kuosha. Wamaliki, ambao ni Waislamu kama sisi, wanamhesabu mbwa hai kuwa twahara. Na kuna hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake.

Kisha kuna mbwa wa Watu wa Pangoni, wale vijana waumini wanaosimuliwa katika Kurani. Vijana wale walilala miaka mia tatu na tisa ya ziada, na mbwa wao kalala nao, miguu ya mbele kainyoosha kizingitini. Hakuingizwa ndani wala hakufukuzwa. Kila wanapohesabiwa, yeye naye hutajwa: watatu, wa nne wao mbwa wao, watano, wa sita wao mbwa wao.

Kizingitini. Neno hilo niliweke hapa, nitalirudia.

Ila dini haikunitatulia kitu, kwa sababu moja ambayo ningeiona siku ileile kama ningetumia macho. Yule mtoto alikuwa na rozari shingoni.

Na katika foleni ile wengi walijibu vilevile, wenye kofia na wasio na kofia. "Ni wa hapo mtaani." "Alikuja mwenyewe." "Mamake alizalia kwenye kuni zetu." "Ni wa marehemu." Mmoja alikuja na mbwa wanne, akawakana wote wanne.

Mbwa wa kizingitini

Tuanze na analolifanya mbwa huyu asiye na mwenyewe.

Usiku hulala mlangoni au chini ya uchaga wa kuni. Alfajiri mgema hupita kupanda minazi, na jioni hupita tena, kwa kuwa karara lisipokatwa kila siku tembo halidondoki. Mbwa hainui hata kichwa. Anaijua harufu ya mgema, anaujua mgongano wa vibuyu vyake na mwendo wa miguu yake. Mtu mwingine akipanda mnazi uleule saa saba usiku, kijiji kizima kinaamshwa. Hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo. Amejifundisha mwenyewe kwa kuishi mahali pamoja na watu walewale, ndiyo maana mbwa wa kununuliwa akiwa mkubwa huwabwekea wote, mgema na mwizi, mpaka miezi ipite.

Mchana kuna ngedere na nyani kwenye mahindi. Kazi ya mbwa hapo si kukamata. Nyani dume akikutana na mbwa mmoja pekee anaweza kumrarua. Kazi yake ni kubweka mapema, ili mtu aje na kombeo. Mbwa bila mtu hafukuzi nyani kwa muda mrefu, na mtu bila mbwa hufika mahindi yakiwa yameshaliwa.

Malipo ni mabaki. Ukoko wa ugali, machicha ya nazi, vichwa vya samaki. Nayo yana kanuni zake. Machicha hujaza tumbo tu, hayampi nguvu ya kutosha, kwa hiyo mbwa anayepewa machicha pekee huonyesha mbavu hata kama anakula kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vibanzi vyenye ncha na kutoboa utumbo. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi kupita kiasi. Vitunguu huharibu damu yake. Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi: mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu lita 1 kwa siku, na kwa joto la Januari hiyo ni lita 1 kamili na zaidi, si maji ya sufuria iliyooshwa yaliyomwagwa mchangani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, na kila pumzi anayohema inachukua maji.

Na kama kwenu kuna funza, mchunguze mbwa kati ya vidole na kwenye nyayo. Mnaweza kuwatoa watoto funza kila Jumapili na kumwaga maji ya dawa sakafuni, ila anayelala mlangoni akiwa amewabeba, mayai yao yanaangukia palepale watoto wanapokanyaga.

Agano hili la mabaki kwa ulinzi ni la zamani kuliko mji wowote wa pwani. Mwaka 1914, Bonn-Oberkassel huko Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke lenye umri wa miaka kama 14,000, na ndani yake mifupa ya mbwa mchanga. Meno ya mbwa yule yana alama za homa kali ya mbwa, ugonjwa (si kichaa) unaoua watoto wa mbwa kwa chini ya wiki tatu wasipohudumiwa. Yeye aliugua zaidi ya mara moja na akaendelea kuishi kwa wiki kadhaa. Mbwa mgonjwa wa miezi sita halindi wala hawindi, na bado mtu alimlisha, akamnywesha na kumsafisha.

Sijui yule mtu angeulizwa "mwenyewe ni nani?" angejibuje.

Anapong'ata

Sasa nije kwenye sababu halisi ya kukana, ambayo ilinichukua muda kuikubali kwa kuwa haina ladha ya kuandika. Ni pesa.

Mbwa akibweka usiku na mwizi akakimbia, ni mbwa wa mtaa mzima. Mbwa huyohuyo akimng'ata mtoto wa jirani, ghafla anatafutwa mwenyewe. Nauli ya bodaboda, sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku za kazi zilizopotea, kikao kwa mzee wa kijiji. Anayemlisha ndiye anayelipa. Basi watu wamejifunza kulisha bila kukiri, na mtoto wa miaka tisa ameshalijua somo hilo.

Ubaya ni kwamba penye jeraha, swali la mwenyewe ni swali la tiba. Hapa nilisimama.

Wagonjwa wa kichaa cha mbwa wakishaanza dalili karibu wote hufa. Haijalishi hospitali ni ya wapi. Duniani vifo vinakadiriwa 59,000 kwa mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Lakini kabla ya dalili, virusi vinatambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na muda huo ndio nafasi yetu. Jeraha la usoni au kichwani lina safari fupi, kwa hiyo lina haraka zaidi kuliko la kisigino.

Kitu cha kwanza ni maji na sabuni, dakika 15. Zihesabu kwa saa. Dakika 15 ni ndefu mno kwa mtoto anayelia, na wengi huacha kwenye ya tatu. Sabuni ya kufulia inatosha. Inaharibu ganda la virusi, na maji yanayotiririka yanavitoa nje. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata na mwingine aoshe. Baada ya hapo ayodini kama ipo. Usitie pilipili, ugoro, mafuta ya taa wala majivu. Vinachoma nyama na kuvisukuma virusi ndani. Jeraha halishonwi haraka haraka kwa sababu hiyohiyo.

Na kwa Muislamu: udongo wa kutwaharisha usiingie kwenye jeraha lililo wazi. Pepopunda imo udongoni. Sabuni na maji kwanza, hospitali pili, na suala la twahara shehe wako atakuongoza; dharura ina mlango wake katika sheria.

Hospitalini, chanjo hudungwa begani, kwa watoto wadogo pajani, wala haidungwi matakoni ambako mafuta huipunguzia nguvu. Ratiba iliyozoeleka ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Zipo za sindano chache, fuata uliyoandikiwa. Aliyetoka damu huhitaji pia sindano ya kingamwili, sehemu kubwa ikiingizwa ndani na pembeni mwa jeraha. Wengi huacha kabla ya kumaliza sindano. Jeraha limekauka, mtoto anacheza mpira, nauli imekuwa ngumu.

Katikati ya yote hayo daktari anauliza: mbwa anajulikana?

Siku kumi

Swali hilo lina hesabu nyuma yake. Mbwa mwenye kichaa huwa na virusi mateni siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na akishaonyesha hufa upesi. Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata akifungwa mahali pamoja, akalishwa, akatazamwa siku 10, na siku ya kumi yuko mzima anakula na kunywa, basi siku aliyong'ata hakuwa na cha kuambukiza. Sindano zilizoanza siku ya kwanza, bila kusubiri, zinaweza kusimamishwa kwa amri ya daktari.

Siku kumi zinataka mtu wa kusema: yuko kwangu, nimemfunga, leo kala.

Asipopatikana huyo, moja kati ya mawili hutokea. Mbwa hutoweka, na aliyeng'atwa anakamilisha sindano zote kwa pesa ambazo huenda hazikuhitajika. Au kundi la vijana linamwua mbwa kwa marungu ya kichwa. Na kichwa ndicho kinachohitajika: maabara hupima ubongo, na ubongo uliopondwa na kukaa juani mpaka jioni hausomeki. Mbwa akiuawa au akifa mwenyewe, apigiwe simu afisa wa mifugo, na mzoga ukae kivulini, usiguswe kwa mikono mitupu.

Siku hizo kumi unatazama nini? Watu wanangoja mbwa anayetoka povu na kukimbilia watu. Huyo yupo. Lakini kuna kichaa kimya, nacho ndicho kinachodanganya. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla. Anajificha pembeni, gizani. Sauti inabadilika, inakuwa ya kukwaruza. Taya la chini linaning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Mtu mwema anaona hivyo, anasema amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono kinywani autoe.

Huo mkono hauna jeraha la kung'atwa. Una mikwaruzo ya kupalilia shamba tu. Hiyo inatosha.

Usiingize mkono. Nisingerudia kitu chochote katika makala hii ila hilo: mbwa mwenye taya lililolegea, usiingize mkono.

Nani amshike?

Rudi chini ya mwembe. Dawa ipo, ndani ya sanduku lenye barafu, nyuzijoto 2 hadi 8, chupa zimefunikwa kitambaa ili zisigusane na barafu yenyewe kwa sababu chanjo iliyoganda imeharibika. Sindano zipo. Dozi ni mililita 1, chini ya ngozi au kwenye msuli. Kazi yenyewe ni sekunde tatu.

Shida ni sekunde thelathini zinazotangulia, na shida hiyo haina dawa kwenye sanduku. Afisa hawezi kumshika mbwa asiyemjua. Anaweza kuja na mitego na nyavu, lakini hapo atachanja ishirini kwa siku nzima na kuondoka na alama za meno. Akiwapo mtu ambaye mbwa anamwamini, watachanjwa mia moja kabla ya adhuhuri.

Kumshika kwenyewe kuko hivi. Jana yake, mzoeze kamba. Kitanzi kikubwa cha manila shingoni, na fundo lisiloteleza mbele ya kitanzi ili kisimkabe. Kiwe na nafasi ya vidole viwili, si zaidi, la sivyo atarudi kinyumenyume na kichwa kitachomoka. Karibu mbwa wote wanaotoroka kwenye chanjo hutoroka kinyumenyume. Njoo mapema. Simama hatua nne au tano kutoka kwa mbwa wa mbele yako, na mbwa jike anayetaka dume aje mwisho kabisa, maana akija katikati foleni yote huvunjika.

Zamu yako ikifika, usimwinamie kwa mbele. Chuchumaa ubavuni mwake, mtazame pembeni. Mkono mmoja upite chini ya shingo yake na kumkumbatia kichwa kuelekea bega lako, kichwa chake kikitazama mbali na uso wako. Mkono wa pili upite juu ya mgongo na kumbana kifuani kwako. Sema naye. Si lazima yawe maneno ya maana. Jina lake linatosha, likirudiwa kwa sauti ya chini. Afisa anakuja kwa nyuma, anaivuta ngozi ya shingo ikawa kama hema, anadunga chini ya hema. Kosa la kawaida hapa ni sindano kupita ngozi zote mbili na dawa kumwagika upande wa pili. Manyoya yakilowa, dozi irudiwe.

Kwa mbwa mwenye wasiwasi, chana leso kuukuu ukanda wa upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja na nusu. Piga fundo la kwanza, acha kitanzi wazi. Kipitishe puani kutoka ubavuni, kaza juu ya pua. Ncha zishuke, zipishane chini ya taya, zirudi nyuma ya masikio, zifungwe kwa fundo la kuvutika ambalo mkono mmoja unaweza kulifungua. Usilifunge fundo la maiti. Dakika mbili, tatu, basi. Mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema, na asiyehema kwenye joto letu anapikika kutoka ndani. Anayetapika au anayekoroma usimfunge kabisa.

Na Muislamu mwenye udhu? Vaa shati la mikono mirefu ulilolitenga kwa kazi hiyo, mifuko ya plastiki au glavu mikononi, shika mbwa mkavu. Pua na mdomo ndivyo vyenye unyevu. Ndiyo faida nyingine ya kumwelekeza kichwa nje. Pakilowa mate, ndoo mbili: moja ya maji yaliyokorogwa na udongo msafi kwa uoshaji mmoja, nyingine ya maji matupu kwa sita zilizobaki. Dakika tano. Palikuwa na mzee mmoja wa kofia katika foleni ile aliyekuja na ndoo zake zote mbili kwenye baiskeli, akamshika mbwa wake wa shamba kama niliyoyaeleza hapo juu, akaosha mikono pembeni mwa mnazi akihesabu, akapanda baiskeli.

Alipoulizwa mwenyewe ni nani, alisema: "Ni wa shamba."

Dau na mbwa watatu

Kuna wanaosema: kama hawana wenyewe, si wauawe tu? Hoja hiyo hurudi kila baada ya mtoto kung'atwa, na mwenye uchungu siwezi kumlaumu. Lakini imeshajaribiwa. Mwaka 1997 wavuvi waliingia kisiwa cha Flores, Indonesia, na mbwa watatu kutoka kisiwa cha Buton, Sulawesi, na kichaa kikashuka nao. Waliuawa mbwa kwa maelfu kwa maelfu. Kichaa hakikuondoka Flores. Jike hubeba mimba siku 63 tu, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na nafasi iliyoachwa na mbwa waliokufa hujazwa na watoto wasio na chanjo au mbwa wageni. Sumu pia haichagui: inamwua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na aliyechanjwa ndiye ukuta.

Ukuta huo una kipimo. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kila mwaka, kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana. Wa mwaka jana wengi wamekwenda, na mahali pao wapo wasiojua sindano. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu nao wachanjwe, wasirudishwe nyumbani kama inavyofanyika mara nyingi.

Pemba, ambako watu ni sisi na dini ni hii hii, mbwa walichanjwa mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na kisa cha mwisho kikaonekana 2018. Nikiufikiria mfano huo naifikiria Lamu, mji wa punda na paka, ambako mbwa ni wachache hata mtu huona si jambo la kumhusu. Punda naye aking'atwa anaugua. Paka pia. Na dau linalotoka Malindi halikaguliwi kama limebeba mbwa chini ya jamvi.

Mpango wa Kenya wa kutokomeza vifo vya binadamu kwa kichaa cha mbwa ulianza 2014 na unaishia 2030. Humo mna maabara, mna sheria, mna bajeti. Hamna mstari wa mtu anayekubali mbwa hulala kwake.

Kadi ndiyo yenye kosa, nimefikia kuamini. Inauliza umiliki mahali ambapo kitu kilichopo si umiliki. Mbuzi ana mwenyewe: anauzwa, anarithiwa, anatolewa mahari. Mbwa wa kizingitini hauzwi wala harithiwi. Ana mahali anapolala na mtu ambaye sauti yake humsimamisha. Ingeulizwa "Hulala kwa nani?" nusu ya mistari ile ingejazwa siku ileile, na yule wa kumfunga siku kumi angejulikana kabla hajahitajika. Sisemi watu wangeacha kuogopa gharama. Ila kukiri mahali ni kwepesi kuliko kukiri mali.

Rangi nyekundu

Mbwa waliochanjwa hupakwa alama ya rangi kichwani. Baada ya siku moja au mbili watu hupita vijijini asubuhi na jioni, wakati mbwa wako nje, na kuhesabu: wenye alama wangapi, wasio na alama wangapi. Rangi haikai, kwa hiyo ukichelewa wiki hesabu inakuwa ya uongo.

Simba wa sikio lililochanika alikutwa Jumatatu jioni, kapakwa nyekundu, amelala mlangoni mwa nyumba ya udongo, miguu ya mbele juu ya kizingiti. Mama aliyekuwa akikuna nazi ndani aliulizwa kwa adabu, mama, huyu mbwa ni wenu?

"Huyo? Aa, si wetu."

Akasukuma sufuria ya machicha kwa mguu mpaka mlangoni. Juu ya kichwa chake, imechomekwa kwenye makuti mahali pasipofika mvua, ilikuwapo kadi.